Nyumba Zisizo na Mwenyewe

Kutoka mtaa wa West Indies hapa Eldoret hadi Kitale ni kilomita zipatazo 70. Matatu hupita Soy, kisha Moi's Bridge, mji ambao wazee wengine bado wanauita Hoey's Bridge, na kote njiani ni mahindi kulia na mahindi kushoto. Nayataja mahindi kwa kuwa yanahusika. Pale yalipo sasa palikuwa na nyasi, na kwa nyasi hizo watu wa nyanda hizi waliezeka nyumba zao kabla ya bati kufika.

Kitale pana makumbusho yaliyoanzishwa na mtu aliyependa wadudu. Luteni Kanali Hugh Stoneham, Mwingereza, alianza kukusanya vipepeo, ndege na vitabu tangu 1894, na mwaka 1926 akafungua makumbusho yake binafsi karibu na Kitale. Alifariki 1966 akiwa ameacha wosia: mkusanyo wote uende kwa taifa, pamoja na fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa Desemba 1974, la kwanza katika makumbusho ya bara yaliyoendelezwa nje ya Nairobi na pwani. Vipepeo wamo humo hadi leo, wamechomwa pini, kila mmoja na kibandiko chake.

Nje, uani, kuna mkusanyo wa aina nyingine. Kuna maboma ya Waluhya, Waluo, Wanandi na Wasabaot, yaliyojengwa kwa miti, udongo na nyasi kama yalivyojengwa na wenyewe. Mle ndani wadudu wametulia kwenye droo zao. Huku nje wadudu wako kazini. Mchwa hupanda kwenye nguzo usiku, akijenga kinjia chake cha udongo, na asubuhi ukikikwangua kwa kidole unakuta mti umeliwa chini yake.

Nyumba ya udongo hutunzwa na anayekaa ndani yake. Ukuta hukandikwa mara ya kwanza kwa udongo mzito unaosukumwa kati ya fito, ukaachwa ukauke na kupasuka, kisha husiribwa kwa udongo laini uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Ukiusogelea ukuta uliosiribwa vizuri utaona pinde za vidole, moja juu ya nyingine, kadiri mkono wa mama ulivyofika bila yeye kuhama alipochuchumaa. Msimu wa mvua ukipita, hurudia. Na kila jioni huwasha moto. Moshi unapanda, unapita kwenye dari ambapo Wanandi walihifadhi nafaka, unatoka polepole kupitia nyasi za paa. Masizi yale meusi yanayoning'inia juu ndiyo dawa ya nyasi: hukausha unyevu na kufukuza wadudu. Nyumba ya makumbusho haina mtu wa kuwasha moto kila jioni. Ndiyo maana huoza mapema kuliko ile iliyoigwa.

Walioanzisha makumbusho ya wazi huko Ulaya hawakukutana na shida hii kwa namna hii. Mwaka 1891 Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm, mojawapo ya makumbusho ya mwanzo kabisa ya aina hiyo duniani. Nyumba zake nyingi zilikuwa za magogo. Zilifumuliwa vijijini, zikasafirishwa na kuunganishwa upya kilimani. Gogo hubebeka. Ukuta wa udongo ukiubomoa unabaki na lundo la udongo.

Kwa hiyo Tanzania, ilipoanzisha Kijiji cha Makumbusho kando ya barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam mwaka 1967, ilibidi nyumba zijengwe upya kabisa. Msonge wa Wahaya umesimama humo, nyasi zake zikishuka hadi kugusa ardhi, na tembe la Wagogo lenye paa bapa la udongo. Tembe hilo lilibuniwa kwa Dodoma, ambako mvua ya mwaka haifiki milimita 600 kwa kawaida. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000, juu yake unyevu wa bahari. Paa la udongo chini ya mvua ya masika ya pwani linadai matengenezo ambayo fundi wa Kigogo nyumbani kwake hakuyajua. Mtaa mzima pale sasa unaitwa Makumbusho, na makondakta hulitaja jina hilo siku nzima.

Waganda walijifunza kwa uchungu. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi jijini Kampala, ilijengwa 1882 kama ikulu ya Kabaka Muteesa wa Kwanza, na chini ya kuba lake mna pete 52 za koo 52 za Buganda. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliteketea. Kuezeka pale si kazi ya yeyote anayetaka. Ni haki ya ukoo wa Ngeye, na walipoanza kuijenga tena ilibidi vijana wafundishwe na wazee kufunga matita ya nyasi. Kazi ilichukua miaka. Ni mwaka 2023 tu ambapo UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini Kasubi ina wenyewe. Ina walinzi, ina ukoo unaojua zamu yake.

Nilipokuwa Kitale mara ya mwisho nilisimama kwa muda mrefu mbele ya boma la Waluo. Katika desturi yao, kijiti kinachochomoza kileleni mwa paa, osuri, huonyesha kuwa mwenye mji yu hai. Akifa huvunjwa, na nyumba yake haikarabatiwi kama ya aliye hai. Mtu wa makumbusho ajenge vipi nyumba ambayo mwenyewe hakuwahi kuzaliwa wala hatakufa?

Nilipouliza nyasi za kuezekea hutoka wapi siku hizi, nilijibiwa kwamba hutafutwa mbali. Karibu kote ni mahindi.