Barua kwa Claire Morgan

Mwaka 1952 kampuni ya Coward-McCann ya New York ilichapisha riwaya iitwayo The Price of Salt. Jina lililoandikwa kwenye jalada lilikuwa Claire Morgan, lakini mtu wa jina hilo hakuwapo. Aliyeiandika ni Patricia Highsmith, ambaye alikuwa ameanza kupata sifa kwa riwaya ya uhalifu, Strangers on a Train, ya mwaka 1950. Kampuni ya Harper iliyotoa kitabu hicho cha kwanza iliikataa riwaya hii, naye mwenyewe hakutaka kujulikana kama mwandishi wa vitabu vya wanawake wanaopenda wanawake.

Hadithi ni hii. Therese, msichana anayeuza wanasesere katika duka kubwa wakati wa Krismasi, anampenda mteja aitwaye Carol, mwanamke mwenye mtoto na aliye katika kesi ya talaka. Wanasafiri pamoja kwa gari kuelekea magharibi. Mume anaajiri mpelelezi awafuate, na kwa sababu ya ushahidi huo Carol anampoteza mtoto wake. Hata hivyo, mwishoni Therese anamrudia Carol. Hakuna anayejiua, anayepata wazimu wala anayekimbilia kwa mwanamume.

Ili tuone uzito wa mwisho huo, tutazame riwaya nyingine ya mwaka huohuo, Spring Fire, ya Marijane Meaker aliyejiita Vin Packer. Mhariri wake alimweleza kwamba mapenzi ya wasichana wawili hayawezi kumalizika vizuri, kwa kuwa vitabu vilisafirishwa kwa posta na wakaguzi wa posta wangevizuia. Basi msichana mmoja akarukwa na akili, na mwenzake akagundua ghafla kwamba hakuwahi kumpenda. Kwa maoni yangu, huzuni nyingi ya riwaya hizo haikutoka moyoni mwa waandishi. Ilitoka posta.

Nje ya vitabu hali ilikuwa ngumu vilevile. Mwaka 1952 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliyaweka mapenzi ya jinsia moja katika mwongozo wake wa magonjwa. Mwezi Aprili 1953 Rais Eisenhower alitia saini amri namba 10450, ambayo ilitumika kuwafukuza watumishi wa serikali waliotuhumiwa. Kwa hiyo msomaji angeweza kupoteza kazi au, kama Carol, mtoto wake.

Katika hali hiyo, mwaka 1953 kampuni ya Bantam ilitoa riwaya hiyo kwa jalada laini na bei ndogo, na barua zikaanza kuja kwa Claire Morgan kupitia kwa mchapishaji. Highsmith alieleza baadaye kwamba zilifika kumi hadi kumi na tano kwa mara moja, mara mbili hivi kwa wiki, kwa miezi mingi. Ziliandikwa na wanawake na wanaume pia. Wengi walishukuru kwa jambo moja: kwamba wapendanao hawakuangamizwa, na kwamba walikuwa na tumaini la kuishi pamoja. Wengine, hasa wa miji midogo, waliomba ushauri: wafanye nini, wawapate wapi watu wenzao? Aliwajibu kadiri alivyoweza, na baadhi aliwashauri wahamie mji mkubwa zaidi.

Wanahistoria husoma zaidi hukumu za mahakama na amri za serikali kuhusu watu hawa, na humo wanaonekana kama washtakiwa au wagonjwa tu. Katika barua hizi wanasema wenyewe. Lakini tusisahau kwamba kuandika barua yenye jina na anwani kulihitaji ujasiri. Waliokuwa na hofu kubwa zaidi walisoma, wakakificha kitabu, wakanyamaza.

Na aliyezipokea naye alikuwa amejificha. Walimwandikia kama mtu aliyethubutu, kumbe hata yeye aliogopa kwa sababu zilezile. Ni mwaka 1990, kampuni ya Bloomsbury ya London ilipoitoa riwaya upya kwa jina la Carol, ndipo Highsmith alipoweka jina lake kwenye jalada. Msichana aliyekuwa na miaka 20 alipomwandikia Claire Morgan mwaka 1953 alikuwa sasa na miaka 57.