Kubadilishana wachezaji: nani aseme ni haki?



Juma lililopita vijana wa pale kwenye kuchaji simu, karibu na soko, waliniita. Walikuwa wamekaa wamenuna, daftari liko katikati yao. Wanacheza ligi ya kubuni. Kila mmoja amejichagulia wachezaji wa kweli wanaocheza Ulaya, ameandika majina, na kila mwisho wa juma wanasikiliza redio na kuhesabu mabao. Mchezaji wako akifunga, wewe unapata pointi. Mnaweza pia kubadilishana wachezaji, na hapo ndipo ugomvi ulipotokea.

Kijana mmoja, ambaye familia yake ilikimbia kutoka Masisi, alitoa mshambuliaji wake mkali. Alichopewa ni golikipa wa akiba ambaye hata hachezi. Wenzake wakashangaa. Baadaye ikajulikana kwamba aliyempokea mshambuliaji ndiye mwenye kuchaji simu, na alikuwa ameahidi kumchajia simu bure mwezi mzima. Wengine wakasema wafute. Wengine wakasema mali ni yake, ametoa mwenyewe. Wakaniuliza: "Yaya, wewe ni mtu wa michezo. Hii ni haki?"

Sikuwa na jibu siku ile. Lakini swali hilo lina historia ndefu, na leo nataka tuipitie pamoja.

Ilianzia Oakland

Mchezo huu wa kubuni haukuanza na simu. Ulianza Marekani, mwaka 1962, kwa mpira wao ule wa kubeba mikononi. Ekipi ya Oakland Raiders ilikuwa na msimu mbaya sana: mechi 14, ushindi 1. Bill Winkenbach, mmoja wa wenye hisa katika ekipi hiyo, alikuwa safarini New York pamoja na watu wa ekipi na mwandishi wa habari Scotty Stirling. Hotelini walikaa wakatunga kanuni za ligi ya kwenye karatasi. Mwaka 1963, mwezi wa nane, watu wa ekipi 8 walikutana nyumbani kwa Winkenbach na kuchagua wachezaji kwa zamu.

Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake wa New York walifanya vivyo hivyo kwa mchezo wa besiboli. Wao hawakuchagua kwa zamu bali kwa mnada, kila mmoja akiwa na bajeti sawa na mwenzake. Tangu hapo mchezo ulienea, na ugomvi wa mabadilishano ulienea nao. Kila ligi ililazimika kuwa na mtu wa kuamua, wanayemwita kamishna. Shida ni kwamba mara nyingi kamishna naye ana ekipi yake katika ligi ileile. Anaamua kesi za watu anaoshindana nao.

Watu wa michezo ya kubuni hawakuanza na mikono mitupu. Waliangalia ligi za kweli zinavyoamua. Hebu tuangalie kesi tatu.

Kesi ya kwanza: muuzaji aliyezuiwa

Charlie Finley alikuwa mwenye ekipi ya besiboli ya Oakland. Ekipi yake ilikuwa imechukua ubingwa mara 3 mfululizo, 1972, 1973 na 1974. Lakini sheria zilikuwa zinabadilika, na wachezaji wakubwa walikuwa karibu kuwa huru kwenda wanakotaka. Tarehe 15 Juni 1976 Finley aliuza watatu: Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston, kila mmoja dola milioni 1, na Vida Blue kwa New York Yankees, dola milioni 1 na nusu.

Siku 3 baadaye kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, alifuta mauzo yote. Hakusema kwamba bei ni ndogo. Alisema mauzo yanaharibu mchezo wenyewe, kwa sababu tajiri akinunua wote, mashindano yanakufa. Finley alikwenda mahakamani akashindwa. Msimu ulipoisha, Rudi na Fingers waliondoka, na Finley hakupata hata dola moja kwa ajili yao.

Hapa tunajifunza kwamba watu wawili wanaweza kupatana vizuri kabisa, na bado mapatano yao yakawaumiza wengine walio katika ligi.

Kesi ya pili: aliyechekwa akashinda

Tarehe 12 Oktoba 1989 ekipi ya Dallas Cowboys ilimtoa Herschel Walker, mchezaji wake bora kabisa, kwa Minnesota Vikings. Dallas ilipata wachezaji 5 wasio na jina kubwa na haki za kuchagua vijana wapya katika miaka iliyofuata. Watu walimcheka kocha Jimmy Johnson. Msimu huo Dallas ilishinda mechi 1 tu kati ya 16. Kama kungekuwa na kura ya kufuta, nadhani wengi wangepiga kura kumwokoa Johnson na upumbavu wake.

Lakini Johnson alikuwa ameona mbali. Hakuwa na haja na wale wachezaji 5, alitaka haki za kuchagua. Kwa haki hizo, na mabadilishano mengine aliyofanya nazo, alijenga ekipi mpya. Mmoja wa vijana waliopatikana hivyo ni Emmitt Smith. Dallas ikawa bingwa wa misimu ya 1992, 1993 na 1995. Minnesota haikushinda hata mechi moja ya mtoano wakati Walker yuko kwao.

Kwa hiyo mwamuzi asikimbilie kufuta kwa sababu tu upande mmoja unaonekana umepunjwa. Na asirudi miaka 3 baadaye kusema mabadilishano hayakuwa ya haki kwa sababu mmoja alifaulu na mwingine akaanguka. Kosa la kukadiria si wizi. Haki hupimwa kwa yale ambayo watu waliyajua siku waliyopeana mikono.

Kesi ya tatu: mwamuzi mwenye ekipi

Hii ni ya basketi. Mwishoni mwa mwaka 2010 ligi ya NBA yenyewe ilinunua ekipi ya New Orleans, kwa sababu mwenyewe hakuweza kuendelea nayo. Tarehe 8 Desemba 2011 viongozi wa ekipi hiyo walipatana na Lakers ya Los Angeles na Houston: Chris Paul aende Lakers, na New Orleans ipate wachezaji kadhaa pamoja na haki ya kuchagua. David Stern, kamishna wa ligi, akakataa. Siku chache baadaye Paul akapelekwa Clippers, ekipi nyingine ya mji uleule.

Stern alijitetea kwamba alikataa kama msimamizi wa ekipi, kwa faida ya ekipi. Inawezekana. Lakini mpaka leo mashabiki wa Lakers hawajamsamehe. Mtu yuleyule alikuwa msimamizi wa ligi nzima na pia msemaji wa mwenye ekipi moja. Hata kama uamuzi wake ulikuwa mzuri, nani angemwamini?

Tuirudie kesi yetu

Kutokana na historia hiyo, wacheza ligi za kubuni wamefikia mambo machache wanayopatana karibu kote. Kila mmoja anapobadilishana awe anatafuta ushindi wa ekipi yake. Malipo ya pembeni, nje ya mchezo, hayaruhusiwi. Na anayeamua asiwe na faida katika kesi.

Niliwarudia vijana nikawaambia hivi. Kama yule kijana angetoa mshambuliaji kwa sababu anamwamini golikipa, basi ni haki yake, hata kama sote tunamcheka. Huenda angekuwa Jimmy Johnson wetu. Lakini hakumtaka golikipa. Alitaka moto wa simu, kwa sababu ndugu zake wametawanyika na simu ndiyo njia pekee ya kujua nani yuko hai. Wenzake hawakujua. Hayo si mabadilishano ya mchezo.

Na hapa nataka niseme neno kwa sisi tunaowapokea waliokimbia. Tumeona mama akiuza mbuzi njiani kwa bei ya kuku, kwa sababu watoto wana njaa na usiku unaingia. Mnunuzi anasema: "Tulipatana." Ndiyo, mlipatana. Lakini Minnesota na Dallas walipatana kila mmoja akiwa na nyumba ya kurudi. Mtu asiyeweza kukataa hajapatana na wewe, amekubali tu.

Vijana walijadiliana sana. Mwishowe mshambuliaji alirudishwa, wakachagua mama mmoja muuza maandazi awe mwamuzi, kwa kuwa hana ekipi na hapendelei mtu. Mwenye kuchaji alinuna kidogo. Kisha akasema simu ya yule kijana ataichaji vilevile mpaka mwezi uishe, bila mchezaji yeyote.

Kama huko mliko mna kesi ya namna hii, ya mpira au ya soko, tuandikieni. Tutaisoma hewani.