Picha inayobaki machoni si jini

Kila baada ya muda huzunguka kwenye simu zetu picha yenye nukta katikati. Unaambiwa uikazie macho nusu dakika, kisha utazame ukuta mweupe, na hapo uso wa mtu unatokea. Wengine huisambaza kama muujiza, wengine huogopa. Hakuna jini hapo, ni jicho limechoka.

Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, wenye seli za aina tatu za kutambua rangi. Ukikodolea chekundu, zinazoitikia zaidi nyekundu hupungua nguvu. Ukihamia kwenye ukuta mweupe, wenzake ndio wanaosikika, nawe waona kijani chenye usamawati. Tazama taswira hiyo kwenye kiganja, kisha kwenye ukuta wa mbali: itakuwa kubwa zaidi. Emil Emmert, daktari wa macho wa Uswizi, alilieleza jambo hili mwaka 1881. Alama kwenye retina ni ile ile. Ubongo ndio unaopiga hesabu ya umbali.

Mwendo nao una vituko vyake. Mwaka 1834 Robert Addams alitazama maporomoko ya Foyers, Scotland, kwa muda, kisha akageukia miamba ya kando. Akaona mawe yanapanda juu! Hapa kinachochoka ni seli za ubongoni: ukitazama kwa jicho moja tu, kiini macho hicho huonekana hata kwa jicho lile jingine.

Watu wengi hudhani sinema huonekana ikitembea kwa sababu kila picha hubaki machoni hadi nyingine ifike. Maelezo hayo hayatoshi. Max Wertheimer alionyesha mwaka 1912 kwamba ubongo wenyewe huunda mwendo kati ya vitu viwili visivyosogea. Filamu ni picha 24 zilizotulia kwa sekunde.

Taswira ya kawaida hufifia upesi. Doa jeusi lisiloondoka baada ya kutazama jua ni jeraha, na retina haina maumivu ya kukuonya. Agosti 2, 2027 jua litapatwa, kikamilifu Makka na kwa sehemu huku kwetu. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi; waambieni watoto mapema. Na ukiona vimulimuli vya ghafla, au kama pazia linashuka jichoni, nenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo.