Miito isiyozuia

Miito isiyozuia ni mbinu ya kuandika programu za seva ambamo ombi lililotumwa kwa huduma nyingine ya intaneti haliufungi uzi wa utekelezaji hadi jibu lirudi. Uzi huachiwa kufanya kazi nyingine. Data inapowasili, mfumo endeshi hutoa taarifa na kazi iliyosimama huendelezwa.

Katika mtindo wa awali kila ombi hushika uzi wake, na kila uzi hutengewa kumbukumbu, mara nyingi megabaiti 1. Maombi 10,000 yanayongoja kwa pamoja hudai takriban gigabaiti 10 za nafasi ya anwani, ilhali prosesa karibu haina kazi. Dan Kegel aliliita tatizo hilo C10K mwaka 1999. Zana za kulitatua zilifuata: seva ya nginx ilitolewa 2004, Node.js 2009, na Java 21 ya mwaka 2023 ilileta nyuzi pepe, yaani nyuzi nyepesi zisizoshika uzi wa mfumo endeshi zinapongoja.

Mfano ulio wazi Afrika Mashariki ni Daraja, kiunganishi (API) cha M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya Safaricom nchini Kenya. Ombi la malipo hujibiwa papo hapo kwa kukiri tu kwamba limepokewa. Mteja huingiza namba ya siri kwenye simu yake, kisha matokeo hutumwa kwenye anwani ya mfanyabiashara. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ilipata M-Pesa kupitia Vodacom mwaka 2012. Mtandao unapodhoofika katika miji ya nchi hiyo iliyo mbali kama Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, kungoja hurefuka. Miito isiyozuia haifupishi muda huo, bali huzuia ucheleweshaji wa mmoja usiwakwamishe wengine. Kikomo cha muda na cha idadi ya miito bado ni lazima, la sivyo huduma inayoitwa huzidiwa.