Uchaguzi wa Ngozi za Kuwamba Ngoma za Kuba

Ngoma za Kuba zipigwazo kwa viganja huwambwa ngozi kulingana na sauti inayokusudiwa. Tumbadora, maarufu kama konga, hutumia ngozi nene ya ng'ombe au baghala. Bongo hutumia ngozi nyembamba ya ndama au mbuzi. Ngozi ifaayo huwa na unene ulio sawa, isiyo na makovu wala matundu.

Aidha, ngozi mbichi isiyotibiwa yaweza kubeba bakteria wa kimeta, wasioonekana kwa macho. Mwaka 2006, mtengenezaji ngoma wa New York aliugua kimeta cha mapafu baada ya kukwangua ngozi kavu kutoka Afrika Magharibi. Hivyo, mnunuzi anapaswa kudai uthibitisho kuwa ngozi imetibiwa kabla ya kuikwangua.