Alama ya /=: Asili na Matumizi Yake

Alama ya sarafu ni herufi au mchoro unaotambulisha fedha za nchi. Pauni ya Uingereza (£) ni herufi L ya neno la Kilatini libra, yaani ratili. India ilipitisha ₹ mwaka wa 2010, mchoro unaounganisha R na herufi ra ya Kidevanagari.

Shilingi ya Kenya haina mchoro kama huo. Hufupishwa Sh au Ksh, ama huandikwa 500/=, maana yake shilingi mia tano bila senti. Mtindo huo ulitoka Uingereza, ambako hadi mwaka wa 1971 mkwaju ulitenga shilingi na peni: 5/6 ilikuwa shilingi tano na peni sita. Pasipokuwa na peni, kistari kilijaza nafasi. Shilingi ilianza kutumika Afrika Mashariki mwaka wa 1921.

Kwenye hundi, alama hii hufunga tarakimu, mlaghai asipate pa kuongeza sifuri. Hata hivyo, haitaji nchi. Tanzania, Uganda na Somalia pia hutumia shilingi, na thamani zake hutofautiana mno. Hivyo basi, katika biashara ya mipakani yafaa kutanguliza KES, TZS, UGX au SOS.