SEHEMU YA 4: Sauti Iliyosikika Dunia Nzima

Nesi wenu nipo. Leo uji na chanjo tunaviweka pembeni kidogo, nawasimulia habari za bendi. Ndiyo, bendi ya roki! Usinicheke, soma mpaka mwisho utaelewa.

Wimbo wa "Zombie" wengi mmeshausikia, hata kama jina hamlijui. Ile sauti ya mwanamke inayovunjika katikati ya neno, kama mtu anayeimba na kulia kwa pamoja. Wenyewe ni The Cranberries, kutoka Limerick, mji wa magharibi mwa Ireland. Muziki wao huitwa roki mbadala, yaani roki ya vijana ambao hawakutaka kufuata mtindo uliokuwa unavuma redioni.

Walianza mwaka 1989. Noel na Mike Hogan, ndugu wa damu, walipiga gitaa na besi, rafiki yao Fergal Lawler akapiga ngoma. Mwimbaji wao wa kwanza alikuwa mwanamume, hakukaa sana. Mwaka 1990 akaja binti wa kijijini wa miaka 18, Dolores O'Riordan. Noel akampa kanda yenye muziki usio na maneno. Binti akaenda nayo nyumbani, akarudi na maneno. Ndio ukawa wimbo "Linger".

Albamu ya kwanza ilitoka 1993 na mwanzoni ilisuasua. Televisheni za muziki za Marekani zilipoanza kuuonyesha "Linger", mambo yakageuka. Mwaka 1994 albamu hiyo ikashika namba moja Uingereza, na Marekani peke yake imeuza zaidi ya nakala milioni 5. Ya pili, No Need to Argue ya 1994, ikauza huko zaidi ya milioni 7.

Sasa hapa mama zangu tusikilizane. Tarehe 20 Machi 1993, Jumamosi, kesho yake ikiwa Siku ya Mama kule Uingereza, mabomu yalilipuka kwenye mapipa ya taka katika mtaa wa maduka mjini Warrington. Yalitegwa na IRA, kundi lenye silaha lililotaka Ireland ya Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza. Watoto wawili waliuawa, mmoja wa miaka 3, mwingine wa miaka 12. Dolores alikuwa na miaka 21, hana mtoto, lakini aliumia kama mzazi. Akaandika "Zombie" peke yake, kuwaambia wenye mabomu kwamba hawakuua kwa niaba yake.

Dunia ikamsikia. Na ikamtaka kila siku, kila mji, kila jukwaa. Mwaka 1996 albamu ya tatu ilitoka, wakaingia tena barabarani, na mwili ukagoma. Alikonda, usingizi ukapotea, ziara ikakatishwa. Mwaka 1997 akajifungua mtoto wake wa kwanza. Bendi ikarudi na albamu mwaka 1999 na 2001, kisha 2003 wakapumzika. Wakarudiana 2009, wakatoa Roses mwaka 2012.

Mwaka 2013, akiwa mama wa watoto watatu, Dolores alisema hadharani jambo alilolibeba tangu utotoni. Kuanzia umri wa miaka minane, kwa miaka minne, alidhalilishwa kingono na mtu aliyeaminika. Jamani! Miaka yote ile ya makofi na kamera, lile jambo lilikuwa ndani yake. Baadaye akaeleza pia kwamba amegundulika na baipola, ugonjwa ambao hali ya mtu hupanda kupita kiasi, halafu hushuka mpaka chini kabisa.

Tarehe 15 Januari 2018 alikutwa amefariki kwenye bafu la hoteli London, akiwa na miaka 46. Uchunguzi wa kisheria ulisema ni ajali: alizama majini akiwa amelewa. Wenzake walikuwa na sauti yake kwenye rekodi za awali. Kwa ridhaa ya familia yake wakazimalizia, wakatoa In the End mwaka 2019, na bendi ikafungwa hapo. Hawakutafuta mwimbaji mwingine.

Sasa kwa nini nesi kawasimulia haya? Kwa sababu mtoto anaweza kuwa anaimba kwaya, anashika namba nzuri darasani, anacheka na wageni, na bado ana jambo linalomtafuna. Ufaulu wa mtoto si kipimo cha usalama wake.

Basi tufanye haya:

Mtoto akikataa kumsalimia au kubaki na mtu fulani, usimlazimishe kwa sababu ya heshima. Muulize taratibu, mkiwa wawili tu. Wanaodhalilisha watoto mara nyingi si wageni, ni watu tunaowakaribisha chai.

Akikwambia, mwamini kwanza. Usimpige, usimwambie anyamaze. Mwambie si kosa lake. Muwahishe hospitali, ikiwezekana kabla hajaogeshwa, na mtoe taarifa. Namba 116 ni ya bure Tanzania na Kenya, na kwa Tanzania vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Na wewe mama, kama usingizi umekata wiki nzima, chakula hakipiti, au unaona bora usingekuwepo, hayo si uvivu wala mapepo. Njoo kituoni useme hivyo hivyo ulivyo, tutakusikiliza. Na pombe haitibu huzuni. Inalaza ubongo, na mtu aliyelewa anaweza kuzama hata kwenye maji ya bafu.

Dolores alisema akiwa na miaka zaidi ya 40. Wa kwako anaweza kusema akiwa na minane, akijua kuna mtu wa kumsikiliza. Leo kabla hajalala, zima simu, kaa naye dakika kumi, muulize siku yake ilikuwaje, halafu nyamaza umsikilize.

Mwenye swali aje inbox, siri yako ni yangu. Usiku mwema, Sehemu ya 5 inakuja.